Kupanga Chumba kwa Vipimo: Mwongozo wa Kuoanisha Ukubwa wa Vitu na Nafasi Uliyo Nayo

Chumba kinaweza kuwa na kochi zuri, zulia la gharama na mapazia yaliyoshonwa kwa ustadi, na bado ukikaa ndani yake ukahisi hakijatulia. Wengi hulaumu rangi. Hupaka upya, hubadili foronya za mito, na hali hubaki ileile. Tatizo mara nyingi ni ukubwa: kochi limezidi ukuta, zulia halilitoshi kochi, picha imetundikwa peke yake juu kabisa ya ukuta mpana, taa haiendani na meza iliyo chini yake. Makosa ya namna hii yanapimika, na yakishapimika hurekebishika, tena mara nyingi bila kununua chochote.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ukubwa wa kitu ukilinganishwa na chumba na mwili wa mtu anayekitumia. La pili ni uwiano wa vitu vyenyewe kwa vyenyewe: meza kwa kochi, picha kwa kabati lililo chini yake, taa kwa meza. Kochi laweza kukaa vizuri kabisa chumbani huku likiimeza meza iliyo mbele yake. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inataka tepu ya kupimia iwe mkononi.

Hatua ya 1: Pima chumba, kisha pima watu

Pima kila ukuta peke yake. Usidhani kuta zinazotazamana zinalingana, kwa sababu nyumba nyingi zina kona ambazo si mraba kamili. Pima kimo cha dari, upana wa madirisha na umbali wa kila dirisha kutoka sakafuni. Andika milango inafungukia upande gani, na soketi na swichi ziko wapi. Pima pia mlango wa kuingilia, ngazi na kona za korido, maana kochi linaloenea sebuleni halina faida likikwama mlangoni.

Kisha watu. Kimo cha kiti hutokana na urefu wa mguu kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Kimo cha meza hutokana na kiwiko cha mtu aliyeketi. Upana wa njia hutokana na mabega. Wasanifu wamelijua hili siku nyingi. Le Corbusier alijenga mfumo wake wa vipimo, Modulor, juu ya mtu wa kimo cha mita 1.83 ambaye akiinua mkono anafikia mita 2.26. Japani, vyumba vya jadi huhesabiwa kwa idadi ya mikeka ya tatami, na kila mkeka una urefu mara mbili ya upana wake, nafasi ya mtu mmoja kulala.

Lakini watu wa nyumbani kwako huenda hawana mita 1.83. Mzee mwenye magoti yanayouma huinuka kwa urahisi zaidi kwenye kiti cha sentimita 45 hadi 50 kuliko kwenye kochi la chini lenye sentimita 38. Mtu mfupi naye, kwenye kiti hicho cha 50, atabaki miguu inaning'inia. Ikiwa nyumba ina wote wawili, weka viti vya vimo tofauti, halafu tafuta namna ya kuvioanisha kwa kitambaa au mbao za rangi moja. Mimi naona ni bora seti ikose kufanana kuliko bibi akose pa kukaa.

Hatua ya 2: Chora, kisha uchore tena sakafuni

Chukua karatasi ya grafu utumie skeli ya 1:50, ambapo kila mita moja ni sentimita 2 kwenye karatasi. Kwa chumba kidogo, 1:20 inasaidia zaidi: mita moja inakuwa sentimita 5. Kata vipande vya karatasi vya kila samani kwa skeli ileile, uvisogeze upendavyo. Kazi ya jioni moja kwenye karatasi inaokoa mgongo wako.

Karatasi, hata hivyo, haisemi kila kitu. Ukishapata mpango unaokuridhisha, uhamishie sakafuni kwa tepu ya karatasi, ile ya kubandua bila kuacha gundi. Bandika mipaka ya kochi, meza na kabati kwa ukubwa wake halisi. Panga maboksi matupu mahali pa vitu vyenye kimo. Kwa kabati refu, bandika magazeti ukutani hadi pale litakapoishia. Halafu ishi nayo siku chache: fungua milango yote, pita ukiwa umebeba sinia, waache watoto wakimbie. Utajua mahali panapobana kabla hujalipa chochote.

Ukiwa na haraka na ukaamua kuruka hatua zote nyingine, usiiruke hii. Dukani dari huwa juu na ukumbi ni mpana, kwa hiyo kila kochi huonekana dogo kuliko lilivyo. Ni tepu tu ndiyo itakayokuonyesha ukweli.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja kikuu

Kila chumba kina kitu ambacho vingine vyote vitapimwa kwacho. Sebuleni huwa kochi, chumba cha kulala kitanda, mahali pa kulia meza. Amua ukubwa wa hicho kwanza, kisha vingine vifuate.

Kanuni ninayoitegemea kuliko zote ni ya theluthi mbili. Kochi lichukue takriban theluthi mbili ya ukuta linaouegemea: ukuta wa mita 3 unabeba kochi la mita 2, na wa mita 4.2 unabeba kochi la mita 2.8. Likiwa nusu kamili, jicho linasita, halijui kipi kinatawala, kochi au ukuta mtupu. Likikaribia kuujaza ukuta wote, chumba kinaonekana kimeshindiliwa. Theluthi mbili ni karibu sana na ule uwiano wa dhahabu unaosifiwa mno, wa 1 kwa 1.618, ambao kwa asilimia ni kama 62. Usijisumbue na desimali. Ukiwa kati ya asilimia 60 na 70 uko salama.

Umbo la chumba lenyewe nalo lina uwiano wake. Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16, alipendekeza maumbo 7 ya vyumba, na miongoni mwayo ni mraba, 3 kwa 4, 2 kwa 3, 3 kwa 5, na 1 kwa 2. Hakuvuka 1 kwa 2. Basi ikiwa sebule yako ni nyembamba na ndefu kuliko hapo, usihangaike kuipanga kama chumba kimoja. Igawe. Chumba cha mita 3 kwa 7 kinaweza kuwa sebule ya mita 3 kwa 4, na sehemu ya chakula ya mraba wa mita 3. Zulia moja na taa moja kwa kila sehemu vinatosha kuonyesha mpaka, huhitaji ukuta.

Sasa neno kuhusu vyumba vidogo, kwa sababu hapa ndipo ushauri mwingi hupotosha. Watu huambiwa chumba kidogo kinataka vitu vidogo. Matokeo yake ni kochi la watu wawili, stuli tatu, meza nne za kimo tofauti, rafu ndogo kila kona na picha kumi za ukubwa wa daftari. Jicho halipati pa kutulia, na chumba kinaonekana kidogo zaidi. Weka vitu vichache vyenye ukubwa wa kutosha: kochi moja la watu watatu lenye mikono myembamba, meza moja, kabati moja linalokaribia dari, picha moja kubwa. Chumba kitapumua.

Hatua ya 4: Linda njia za kupita

Njia kuu, ile ya kutoka mlangoni hadi chumba kingine, ipewe sentimita 90. Njia ya ndani ya chumba inaweza kushuka hadi 75, na mahali anapopita mtu mmoja mara chache, 60. Chini ya hapo mtu anapita kiubavu. Kati ya kochi na meza ya katikati acha sentimita 40 hadi 45, umbali ambao mkono unafikia kikombe na goti halijigongi.

Viti vinavyotazamana vikae kama mita 2 hadi 2.5. Vikizidi mita 3 hivi, watu huanza kupaza sauti kuzungumza. Hapo ndipo desturi ya kuzungusha makochi ukutani inaposhindwa kwenye sebule kubwa: katikati panabaki uwanja, na wageni wanakaa mbali kana kwamba wamegombana. Yasogeze ndani. Kochi haliumii likitazamwa mgongo. Hata katika sebule ndogo, kulitoa kochi sentimita 10 kutoka ukutani huupa ukuta kivuli, na chumba kinaonekana kina kina zaidi.

Hatua ya 5: Zulia

Nimeona vyumba vingi vilivyoharibiwa na zulia dogo kuliko vilivyoharibiwa na kitu kingine chochote. Zulia linaloelea katikati, bila mguu wa samani hata mmoja kulikanyaga, hukata sakafu vipande vipande na kufanya kila kiti kionekane kimetengwa. Na mtu hulinunua dogo kwa sababu ni nafuu, halafu analazimika kununua jingine.

Sebuleni, miguu ya mbele ya kochi na ya viti vyote ikanyage zulia, angalau sentimita 20. Ikiwezekana miguu yote minne iingie, ni vizuri zaidi, lakini si lazima. Upana wa zulia uzidi kochi kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande. Kati ya zulia na ukuta acha sakafu wazi ya sentimita 20 hadi 45, ukipunguza katika chumba kidogo na kuongeza katika kikubwa. Acha nafasi hiyo ilingane pande zote kadiri inavyowezekana.

Chini ya meza ya chakula hesabu ni nyingine. Zulia litoke sentimita 60 nje ya meza kila upande, ili mtu akivuta kiti nyuma, miguu ya kiti isishuke ukingoni na kukwama. Meza ya sentimita 180 kwa 90 inataka zulia la mita 3 kwa 2.1. Kama huwezi kulipata, acha sakafu tupu. Sakafu safi bila zulia ni nzuri kuliko zulia linalonasa viti.

Na ikiwa tayari unalo zulia dogo unalolipenda, tandika chini yake zulia kubwa la rangi moja, la katani au mkeka mpana, lile dogo likae juu yake.

Hatua ya 6: Vimo vinavyokaa pamoja

Meza ya katikati iwe na kimo sawa na kiti cha kochi, au chini yake kwa sentimita 5 hivi. Urefu wake uwe theluthi mbili ya kochi: kochi la mita 2.1, meza ya mita 1.4. Meza za pembeni zilingane na mkono wa kochi, zisizidi.

Kwenye meza ya chakula, kimo cha kawaida ni sentimita 72 hadi 76, na kiti ni 43 hadi 48. Nafasi kati ya kiti na uso wa meza ikiwa sentimita 25 hadi 30, mapaja yanaingia na viwiko vinapumzika. Kila mlaji apewe sentimita 60 za ukingo wa meza. Nyuma ya kiti acha sentimita 90 hadi ukutani. Kama watu wanapita huko wakati wengine wameketi, acha 110 au zaidi. Kwa hiyo meza ile ya 180 kwa 90 inataka eneo la mita 3.6 kwa 2.7. Lisipopatikana, meza ya duara huokoa kona nne.

Chumba cha kulala ndipo watu hukosea hesabu kwa kupenda kitanda kikubwa. Tuseme chumba ni mita 3 kwa 3. Kitanda cha futi 5 kwa 6, ambacho ni kama sentimita 152 kwa 183, kikikaa katikati ya ukuta kinaacha sentimita 74 kila upande. Cha futi 6 kwa 6 kinaacha 58 tu. Miguuni, baada ya ubao wa kichwani, inabaki takriban mita 1.1. Ukiweka hapo kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60, unabaki na sentimita 50, na milango ya kabati haitafunguka vizuri. Chagua: kabati lenye milango ya kuteleza ukutani pengine, au kitanda chembamba kidogo. Meza ndogo za kando ya kitanda ziwe usawa wa juu ya godoro, na tofauti isizidi sentimita 5.

Hatua ya 7: Kuta

Katikati ya picha ikae sentimita 145 hadi 152 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu wa kimo cha wastani aliyesimama. Picha nyingi hutundikwa juu mno. Ikiwa juu ya kochi, acha kipimo hicho ufuate kochi: chini ya picha iwe sentimita 15 hadi 25 juu ya mgongo wa kochi, na upana wake uwe theluthi mbili ya kochi. Picha moja isipofikia upana huo, panga kadhaa zikiachana sentimita 5 hadi 8, uzihesabu zote kuwa umbo moja. Zipange kwanza sakafuni ndipo utoboe ukuta.

Televisheni inafuata macho ya aliyeketi, kwa hiyo katikati yake iwe karibu mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni. Ya inchi 55 ina upana wa takriban sentimita 122, na umbali wa kuitazama ni kati ya mita 2.1 na 3.5. Rafu iliyo chini yake iwe pana kuliko yenyewe, angalau sentimita 150, la sivyo televisheni itaonekana inataka kuanguka.

Hatua ya 8: Mapazia, dari na taa

Bomba la pazia likifungwa juu tu ya fremu, dirisha linabaki dogo na dari inashuka. Lipandishe. Ikiwa dari ni mita 2.7 na dirisha linaishia mita 2.1, weka bomba mita 2.4 hadi 2.6, na ulirefushe sentimita 20 kila upande ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Pazia lifike sakafuni. Linaloishia katikati ya ukuta hukata chumba kiunoni. Upana wa kitambaa uwe mara 2 hadi 2.5 ya urefu wa bomba, vinginevyo halitakuwa na mikunjo.

Dari ikiwa chini, tumia samani za chini na kitu kimoja kirefu chembamba. Ikiwa juu, fanya kinyume: rafu ndefu, picha kubwa, taa inayoshuka, lakini isishuke chini ya mita 2.1 mahali watu wanapopita. Kupata kipenyo cha taa ya katikati, jumlisha urefu na upana wa chumba kwa mita, uzidishe kwa 8. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinapata taa ya sentimita 72. Juu ya meza ya chakula, taa iwe nusu hadi theluthi mbili ya upana wa meza, ikae sentimita 75 hadi 90 juu ya uso wake.

Hatua ya 9: Sawazisha uzito

Vitu viwili vyenye vipimo sawa vinaweza kuwa na uzito tofauti machoni. Kabati jeusi lisilo na miguu ni zito kuliko la rangi ya krimu lenye miguu mirefu. Meza ya kioo ni nyepesi kuliko ya gogo. Kitambaa kinene chenye michoro mikubwa ni kizito kuliko kitani tupu. Chumba kikiinamia upande mmoja, angalia uzito uko wapi.

Hulazimiki kuweka pacha kila upande. Kochi zito upande mmoja husawazishwa na viti viwili vyepesi upande wa pili, au na mmea mkubwa na taa ndefu ya kusimama. Kagua pia kimo: kila kitu kikiishia sentimita 80 kutoka sakafuni, nusu ya juu ya chumba inabaki imeachwa. Unataka kitu kirefu walau kimoja, na kisisimame upande uleule ulio na kitu kizito.

Piga picha ya chumba kwa simu kutoka mlangoni, kisha uigeuze nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, uzito unajionyesha waziwazi. Rudia ukiwa umeketi kwenye kochi.

Ikiwa kitu kikubwa kupita kiasi hakiwezi kuondoka

Wengi wanaosoma hapa wana kochi ambalo tayari limekwisha lipiwa, au kabati la urithi ambalo haliuzwi. Basi kizunguke. Kwa kochi kubwa, ondoa kiti kimoja cha seti na ukihamishie chumbani, ongeza ukubwa wa zulia, weka picha pana juu yake, na acha meza iwe ya kioo au yenye miguu myembamba. Lipake ukuta wa nyuma yake rangi inayokaribiana na kitambaa chake, na mipaka yake italainika. Kwa kabati zito, weka upande wa pili wa chumba kitu chenye kimo kinachofanana nalo, hata kama ni pazia refu la rangi iliyoiva au kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani na kufungwa juu kwa skrubu kisimwangukie mtoto. Kisha pima upya njia zako za kupita. Ikiwa njia kuu imeshuka chini ya sentimita 75, anza kuondoa vitu vidogo vilivyo karibu nayo, kimoja kimoja, hadi upite ukiwa na sinia mikononi bila kugeuka kiubavu.